Kambi Isiyopewa Uji

Nautamani uji ule mpaka leo, ingawa mimi mwenyewe sikuwahi kuunywa. Ulikuwa wa mahindi na soya, sukari kidogo, na sisi wa Lubumbashi tuliuita buyi. Kampuni ya shaba iliugawa kila asubuhi kwa watoto wa wafanyakazi walio chini ya miaka mitano, katika kambi moja tu, yetu. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na kuchota, na mara moja kwa mwezi kupima watoto kwenye mizani.

Mtafiti alitoka chuo kikuu, kijana mwenye abakosti, suti ile isiyovaliwa na tai, iliyopigwa pasi mpaka ikakaa kama ubao. Wakubwa walitaka kujua kama uji unafaa, ndipo waupeleke kambi zote au waufunge. Nilimuuliza bila haya atajuaje. Akanieleza kwamba kambi ya kuanzia ilikwisha kuchaguliwa na wakubwa, bila kura ya bahati nasibu, kwa hiyo yeye alitafuta kambi nyingine inayofanana na yetu, nyumba zile zile na posho ile ile ya unga, ng'ambo ya reli. Kule watoto wangepimwa tu, bila uji.

"Batoto bote banaongezeka kilo, mama, hata bila buyi," aliniambia. "Njo maana tutaangalia bale ba kule banaongezeka namna gani, tutatosha ile, tutaipunguza mu hesabu ya hapa. Yenye itabakia, njo kazi ya buyi."

Nilimwona ana akili, na hata leo sijabadili mawazo. Ila chuo kilikuwa kimemsahaulisha jinsi watu wanavyozaliwa kwetu. Sharti lake lilisema kila mama wa kambi yetu alete watoto wake mwenyewe. Basi nilisimama mlangoni nikauliza kama nilivyofundishwa: "Mutoto ya nani?" "Yangu." Sasa mwanamke aliyeshika mkono wa mtoto wa dada yake aseme ni wa nani? Mama mkubwa ni mama, mama mdogo ni mama. Hakuna aliyesema uongo. Baada ya wiki chache tu, watoto wa ng'ambo ya reli wakawa wanakuja na mama zao hao, wanakunywa, wanapangusa midomo, wanarudi kwao. Mwisho wa mwezi niliwapima kule kule, katika kambi iliyosemekana haipewi kitu.

Nilijua kuliko wote, kwa sababu wa kwanza kuvuka alikuwa mtoto wa dada yangu. Dada alikuwa na sita. Mimi nilikuwa na miaka tisa ya ndoa na sina hata mmoja. Binti yake wa mwisho, wa miaka mitatu, alikuja kila asubuhi na kikombe cha bati, akakaa juu ya miguu yangu huku nikichota. Baada ya uji alibaki kwangu mpaka alasiri. Nilimsuka, nikamkata kucha, nikamgombeza alipokula udongo. Majirani walianza kuniita mama wa jina lake, na mimi niliitika haraka mno.

Kama ningemwambia mtafiti, mlango ungefungwa kwa watoto wa ng'ambo, na huyu angerudishwa wa kwanza. Nikanyamaza. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nilificha, na kuzaa sikuzaa.

Hesabu ikatoka. Watoto wa huku walikuwa wameongezeka, wa kule wameongezeka karibu sawasawa. Baada ya kutoa, hakikubaki kitu. Wakubwa wakasema uji haufai, masufuria yakarudishwa ghalani. Mwezi uliofuata shemeji yangu akahamishiwa Kambove, mgodi wa mbali, na dada akaondoka na watoto wake wote sita. Kambove si mwisho wa dunia, najua. Lakini nililia kama mfiwa, na mume wangu hakujua anibembeleze vipi. Hata sasa, asubuhi, nikisikia mtoto akiburuta viatu uani, nageuka.

Mwishowe nilikwenda chuoni kumwona mtafiti, nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

"Juu ya nini haukuniambiaka, mama?"

"Uliuliza kama ni batoto yabo. Ni batoto yabo."

Alicheka kicheko cha mtu aliyejigonga kidole. Kisha akatoa orodha ya kambi ya ng'ambo, akanipa kalamu nyekundu. "Kata bale benye balikunywaka." Bila wao, alisema, huenda tofauti ikaonekana, na huenda wakubwa wakakubali kuisoma upya. Nilikata bila huruma, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu niliwaza kambi zile zote zilizokuwa zikisubiri. Nikafika kwenye mstari wake. Jina, umri, kilo zake mwezi kwa mwezi, kwa mwandiko wangu. Kalamu ikagoma.

"Na huyu? Hakukunywaka?"

"Alikunywaka," nikasema. "Lakini siwezi kumukata. Huyu ni mutoto yangu."

Halafu akaichukua kalamu mkononi mwangu, polepole, akapiga mstari yeye mwenyewe.