Ngozi Iliyochukua Umbo Langu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Jambo hili nimemsimulia mtu mmoja tu, Mjomba, na yeye hakucheka. Lilitokea hapa hapa Ifakara, kwenye karakana yetu, wakati wa masika, na aliyeliona ni mimi mwenyewe kwa macho yangu haya.

Mimi si mwongeaji. Niko kidato cha tatu na wapo walimu ambao hawajawahi kuisikia sauti yangu. Tangu mama afariki naishi na Mjomba, fundi wa viti vya magari, jirani na mto Lumemo. Ananiita Redio Mbovu. "Redio Mbovu, leo umeshika stesheni gani?" ananitania asubuhi, nami nacheka kwa ndani. Akiondoka, nyumba nzima inanyamaza. Usiombe ukaijua nyumba inayonyamaza namna ile.

Kazi yangu pale ni ngozi kuukuu. Mteja akileta kiti kilichochakaa, nafumua kava kwa wembe, mshono kwa mshono, bila kuijeruhi ngozi yenyewe. Kila kipande nakipa namba na mshale wa kuonyesha mbele ni wapi, halafu nakilaza juu ya karatasi ya mfuko wa saruji na kukizungushia chaki. Karatasi hiyo ndiyo tunayokatia ngozi mpya. Rahisi, eti? Si rahisi hata kidogo. Ngozi iliyokaliwa miaka mingi huvutika pale mtu anapokalia. Inashika makalio yake, mgongo wake, mpaka upande anaopenda kuegemea. Ukiichora hivyo hivyo, umemchora mtu, hujachora kiti. Kwa hiyo Mjomba ana sheria yake: ngozi ikishafumuliwa hulowekwa, hutandazwa juani na kukandamizwa kwa matofali, hadi inyooke. "Iache imsahau mwenyewe kwanza," husema.

Sasa mvua ikinyesha wiki nzima, jua utalitoa wapi?

Jioni ile Mjomba alikuwa amekwenda Mngeta kupima viti vya matrekta, na barabara ikamzuia kurudi. Umeme ulikuwa umekatika. Nilikaa karibu na mlango kupata mwanga, nikifumua viti vya gari la zamani la parokia. Nitasema ukweli, nilikuwa naongea na ngozi. Ndiyo, mimi nisiyeongea na watu.

"Wewe padri wako alikuwa anaegemea kushoto," niliiambia. "Mgongo ulikuwa unamuuma, au?"

"Na yenyewe inakujibu nini?"

Sauti ilitoka mlangoni. Nilishtuka, wembe ukaniponyoka. Alikuwa kijana wa kiume aliyenizidi miaka michache, amejifunga kaniki kiunoni, kifua wazi, ana furushi kwapani. Bega lake la kulia lilikuwa limebonyea, bapa kabisa, kama ubao uliochongwa kwa tezo.

"Shikamoo," nikasema kwa haraka.

Akatabasamu, lakini si kwa furaha. "Hiyo usinipe mimi, dada. Hiyo nilikuwa naitoa kwa wengine."

Akaketi kwenye benchi la wateja. Hapa nisikilize vizuri. Benchi lile lina sponji nene, na yeyote akilikalia, hata mtoto, linatoa pumzi: fuuu. Wateja wote hulitania. Yeye alipoketi, halikutoa hata pumzi ndogo. Nikajiambia, unyevu umeliharibu. Wewe ungejiambia nini?

Alifungua furushi. Ndani mlikuwa na ngozi nyeusi, nzito, inayonuka moshi. Niliipokea na vidole vyangu vikaisoma vyenyewe, kwa sababu ndiyo kazi yao: aliyeikalia alikuwa mtu mkubwa, mzito, anayejirusha nyuma na kutanua magoti.

"Huyu hakuwa mtu wa kujipinda," nikasema.

"Hakuwa. Ni bwana wa Kijerumani, tulimbeba kwenye machela kutoka Mahenge. Mti mmoja, wawili mbele, wawili nyuma, yeye katikati juu ya ngozi hii anavuta kiko. Tukivuka matope anatuambia twende taratibu, chai isimwagike."

Wiki hiyo tulikuwa tumesoma vita vya Maji Maji darasani. Nikadhani ni mtu wa maigizo, ananijaribu. Lakini alikuwa halitazami jicho langu kuona kama nimeamini. Alikuwa anaitazama ngozi tu.

"Walioambiwa risasi zitageuka maji walikuwa wamekwisha lala chini," akaendelea. "Askari wakaanza na mpunga. Ghala kwa ghala, moto. Mama yangu hakuwa na miguu ya kukimbia, ilikuwa imevimba kwa njaa. Nikamwacha hapo Lumemo, kwenye matete. Nikamwambia, nisubiri, naleta kitu cha kukubebea. Usiku nikaiiba hii."

"Ukambeba nayo?"

"Anateleza." Akaikunja mikono yake kuonyesha. "Ngozi inamjua bwana yule. Mama ni mdogo, kama wewe. Nikimweka mgongoni anateleza, anaanguka majini. Nimewapelekea mafundi wengi. Wote wanaichora ilivyo, wanakata, wananirudishia bwana yule yule. Nami bado simwoni mama akivuka."

Bado. Alisema bado. Hapo ndipo nilipotakiwa kupiga kelele. Lakini kelele nitaitoa wapi mimi? Halafu, niamini, hofu haikuwa kubwa kuliko lile neno mama. Mama yangu alikufa hospitali mimi nikiwa shuleni. Na mimi sikumvusha.

"Inatakiwa kulowekwa na kuanikwa," nikamwambia. "Imsahau mwenyewe kwanza."

"Jua liko wapi?"

Kweli, liko wapi? Nilifikiri. Nikasema, "Basi inatakiwa mtu mdogo aikalie, tuchore upya juu yake." Ni mimi niliyesema. Hakunilazimisha.

"Kaa wewe," akasema polepole, kama anayeomba maji.

Nikaitandaza sakafuni juu ya karatasi ya saruji, nikaikalia na kukunja miguu kama mtoto anayebebwa. Ngozi ilikuwa ya baridi, kisha ikapata joto. Ikanikumbatia kwa chini. Nikajipitishia chaki pembeni kwa mkono wangu mwenyewe, mbele, ubavuni, nyuma. Nilipofunga mstari, sakafu iliondoka. Sijui niseme vipi. Nilibebwa. Nilisikia miguu ya mtu inatafuta njia kwenye tope, pumzi yake, maji yanampiga mapajani. Nilikuwa juu, salama, kichwa kwenye bega lisilo bapa. Sikuwa nimebebwa na mtu tangu utotoni. Nililia, na sikuona haya.

Mara nikawa tena sakafuni. Yeye amesimama, ngozi na karatasi yangu amevikunja kifuani.

"Hatateleza sasa," akasema. "Asante, dada."

Akatoka kwenye mvua kuelekea mtoni. Nilimtazama mpaka kwenye matete. Alipoinuka kutoka pale alikuwa ameinama mbele, anakanyaga kwa uangalifu sana, mikono nyuma. Hivyo ndivyo anavyotembea mtu aliyebeba mtu.

Mjomba aliporudi nilimwambia yote. Akauliza maswali mawili tu: "Ulichora ukiwa umeikalia? Na karatasi akaondoka nayo?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanionyesha benchi kwa kidole. "Kaa."

Nikakaa. Benchi halikusema kitu.

Mpaka leo halijasema; uzito wangu uliondoka na ile karatasi. Asubuhi godoro langu liko bapa kama halikulaliwa. Nikipanda bodaboda kwenda shule, dereva anageuka katikati ya safari: "Dada, bado upo?" Nipo, namjibu, na kwa kweli siku hizi naongea zaidi kuliko zamani, maana nisipoongea watu hawajui kama nimekaa. Mjomba haniiti tena Redio Mbovu. Nalikumbuka jina hilo.

Masika yakirudi na mto Lumemo ukijaa, mapaja yangu hupata joto na nasikia miguu ikitafuta njia kwenye tope. Najua bado wanavuka. Sijui mto ule una upana gani kwao.

Basi wewe unayesoma, fundi akikuambia ukalie ngozi ya mtu mwingine ili akuchukue kipimo, uliza kwanza nani anaisubiri. Na ukishuka, chukua karatasi yako, uondoke nayo, uichane. Halafu ukipita karakanani kwetu, ingia tu, keti kwenye benchi. Usinionee haya nikinyamaza. Nitakuwa nasikiliza ile pumzi ikitoka chini yako.