Siku Lori Langu Lilipovutwa na Ng'ombe

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Niliishia darasa la nne, nikaanza na baiskeli ya kubebea mkaa, nikapanda mpaka pikipiki, nikapanda mpaka lori la tani saba, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Injini nimejifunza kwa kuifungua mwenyewe, bolti kwa bolti. Pale Mpanda mjini, mafundi wenye vyeti wakikwama wananipigia simu. Hapo sijisifu, nasema kilichopo.

Kwa hiyo bima niliiona kama kitu cha kumwonyesha trafiki. Miaka yote nilikata ile ndogo, inayomlipa uliyemgonga, wewe mwenyewe haikujui. Ile kubwa aliikata mke wangu tulipokopa hela ya lori, maana waliotukopesha hawakutaka kusikia habari ya ndogo. Akamwuliza wakala wa bima kama inahusu upepo na mafuriko. Wakala akasema hayo yana ada yake ya nyongeza. Mama watoto akalipa bila kuniuliza, na nilimcheka sana. Nikamwambia mvua za Katavi nazijua tangu nazaliwa, hazijawahi kula lori.

Msimu uliofuata nilikuwa Kasekese, nimepakia mchele wangu kwenye lori pale mashine ya kukoboa. Mchana ule mbingu ilifunga ghafla. Upepo ukang'oa bati mbili za paa la mashine, zikapita juu ya kichwa cha lori zikizunguka. Nikalihamishia nyuma ya ukuta, palipoinama kidogo, lisikatwe na bati la tatu. Nilifanya sawasawa. Kisha mvua ikashuka, tukajibanza ndani.

Ilipopungua tukatoka tukijua yameisha. Kumbe maji ndiyo kwanza yanakuja, kutokea mashambani, mekundu, hayana haraka. Yakafika kwenye ringi. Tukiwa bado tunabishana, yakafika kwenye bampa, na injini yangu iko palepale nyuma ya bampa. Nyuma ya lori kulikuwa na korongo, lile lililomeza choo cha mashine mwaka juzi. Nikaona lori linatikisika lenyewe.

Nikaingia majini, nikapanda, nikachomeka ufunguo. Watu waliojaa kwenye kibaraza cha mashine wakaanza.

"Washa, bosi. Si unasema injini zinakusikia?"

"Leo ndiyo tutajua kama zinakusikia au zinakusikiliza tu."

Simu ikaita. Mke wangu. Nilikuwa nimemwambia maji yanapanda, naye alikuwa ameshampigia wakala.

"Baba, umewasha?"

"Ndiyo nawasha."

"Usiguse huo ufunguo. Wakala anasema kama maji yameingia ndani ukawasha, injini inajivunja, na hapo siyo mafuriko tena, ni wewe. Hawalipi hata shilingi."

"Nikiliacha linaenda korongoni."

"Kasema usiliache pia. Ukikaa kulitazama likaharibika zaidi, watakuuliza kwa nini. Lipige picha, halafu livute."

"Nilivute na nini huku, mama? Na meno?"

Mtandao ukakata.

Nilibaki mkono uko kwenye ufunguo. Kuzungusha tu, labda lingenguruma, ningepanda nalo mwinukoni na kile kibaraza kizima kingenyamaza. Lakini injini naijua. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta ndani ya silinda, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoisukuma pistoni, na deni la lori lilikuwa bado bichi. Nikauchomoa ufunguo, nikaubana kwa meno ili mikono iwe huru, nikashuka. Maji yalinifika kifuani.

Ng'ambo ya shamba mfugaji mmoja alikuwa ametoka kulima, ng'ombe wake bado wako kwenye nira. Nikamwita. Akaja na jozi nne, akasimama kwenye ukavu, akalitazama lori kama mtu anayetazama ndama mgonjwa.

"Jozi moja elfu arobaini, mzee. Na nilipe kabla. Hawa wakivunjika miguu, sina bima."

Mimi sijawahi kulipa bei ya kwanza maishani mwangu. Siku ile nililipa, kwa noti zilizolowa.

Tukafunga minyororo ya plau. Mvuto wa kwanza mnyororo mmoja ukakatika, lori likarudi nyuma kuelekea korongoni, na pale kibarazani hakuna aliyecheka tena. Tukaunga. Mwenye ng'ombe akapiga mluzi, akaita mmoja mmoja kwa jina lake, taratibu, bila fimbo. Shingo zikainama. Lori likakaa, likakaa, halafu tairi za mbele zikashika udongo mgumu.

Lilipofika juu ndipo kicheko kikarudi. Mmoja akaniuliza kama alitafutie majani.

Mkaguzi wa bima alipokuja hakunisalimia hata vizuri, aliuliza tu kama niliwasha. Nikaifungua injini mbele yake kwa mikono yangu. Silinda mbili zilikuwa na maji, konrodi zote zimenyooka. Akazikagua moja moja, halafu akasema, "Wengi ninaowakuta, wameshawasha."

Wakalipa kusafisha injini, nyaya zote na viti. Lakini akanieleza mambo matatu ambayo mke wangu alikuwa ameshayajua. Sehemu ya kwanza ya hasara anaibeba mwenye gari. Mchele siyo gari, una bima yake, nami sikuikata. Na gharama ya kuvutwa wangenirudishia, ila wanataka risiti.

Nikamwambia niliyemlipa ana ng'ombe wanane na hajawahi kuandika risiti. Akasema pole.

Basi nikajumlisha: sehemu yangu, ng'ombe, na hasara ya magunia ya chini yaliyolowa, niliyoyauza kwa bei ya chakula cha kuku. Shilingi milioni mbili, laki moja na elfu arobaini, zote kutoka mfukoni mwangu mimi nisiyeshangazwa na kitu.