Dole Gumba la Bibi wa Makorora

Juzi, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, bibi mmoja aliyetoka kumaliza eda ya mumewe alifuata barua ya mirathi. Karani akamsogezea pedi ya wino aweke dole gumba, kama siku zote. Bibi akairudisha taratibu.

"Nipe kalamu, mwanangu."

Akaandika majina yake matatu, ncha ya ulimi ikichungulia mdomoni. Sisi tuliokuwa kwenye foleni nyuma yake tukanyoosha shingo kutazama.

"Bibi, umejifunza lini?" karani akauliza.

"Edani. Miezi minne na siku kumi sitoki, mkwe wangu akinifundisha. Ulitaka nihesabu boriti?"

Mimi ninayekula kwa kalamu, saini yangu ni mkwaruzo wa kuku. Zamu yangu ilipofika, niliandika jina langu lote, herufi kwa herufi.