Nailoni Haifunguliwi Mpaka Pasaka

Saa moja kasoro robo asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Boito, na Dorine Chepkemboi ameshazama katika chai hadi kiunoni. Amejifunga karatasi ya nailoni mbele, kwa sababu umande wa Januari huku unapenya nguo na kufika mfupani. Kikapu kiko mgongoni. Mikono yote miwili inakwenda kwa pamoja: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, kisha inarusha nyuma bila yeye kugeuza shingo.

"Mama Kipkurui, leo unachuma kama mtu amefukuzwa na nyuki!" anaita mwenzake Winny kutoka mstari wa tatu.

"Nyuki ninao nyumbani, watano, na shule zinafunguliwa wiki hii," Dorine anajibu. Wachumaji wote wanacheka, lakini hakuna mkono unaosimama.

Dorine ana umri wa miaka thelathini na tisa. Mumewe, Kipsang, anafanya kazi katika kiwanda cha mbao kule Londiani, na huonekana nyumbani mwisho wa mwezi. Shamba analochuma si lake. Ni la Bilhah, mwanamke mfanyabiashara aliyehamia hapa kutoka Kiambu mwaka wa 1971, ambaye wengi humwita Mama Eugene kwa jina la mwanawe wa kwanza. Siku njema Dorine huchuma kilo thelathini na tano. Hulipwa shilingi mbili kwa kila kilo.

Wachumaji wa namna hiyo ni maelfu kuanzia Kericho hadi Kimulot. Dorine anajulikana kwa jambo jingine. Anajulikana kwa sababu ya robo ekari moja iliyo karibu na kijito, ambayo kwa muda wa miaka miwili majirani wameiita "shamba la mdomo".

Robo ekari hiyo ni ya baba mkwe wake, Mzee arap Mosonik. Mwishoni mwa mwaka wa 1993 mzee alimwambia mkaza mwanawe kwamba akiijaza chai, itakuwa yake na watoto wake. Kwa mtu aliyechuma chai ya wengine tangu alipoolewa, hilo halikuwa neno dogo.

Kanisani kwao kuna desturi. Jumapili ya kwanza ya mwaka, baada ya mahubiri, washiriki husimama mmoja mmoja na kutaja yale watakayofanya mwaka huo. Waliobaki hupiga makofi. Kadiri ahadi inavyokuwa kubwa, ndivyo makofi yanavyokuwa mengi.

Januari 1994 Dorine alisimama akataja mambo tisa kwa pumzi moja. Angepanda mashina elfu moja ya chai. Angenunua ng'ombe wa gredi. Angeezeka nyumba kwa mabati. Angejifunza kushona. Angechuma kilo sitini kila siku.

"Mengine nimesahau," anasema sasa, akijifuta uso kwa kiwiko. "Makofi yalikuwa yananiongezea maneno. Nilipokaa chini nilikuwa tayari nimechoka, na kazi haijaanza."

Hata hivyo alianza. Alikata vipandikizi elfu moja, kila kimoja kipande kifupi cha shina chenye jani moja. Alivichomeka katika mifuko midogo yenye udongo mwekundu, akavimwagia maji, akavifunika kwa karatasi ya nailoni iliyokazwa juu ya fito, na kingo zake akazizika ardhini. Hivyo ndivyo kitalu cha chai kinavyotengenezwa hapa. Ndani ya nailoni unyevu hupanda, hugeuka matone juu, na kudondoka tena. Vipandikizi hukaa humo zaidi ya miezi mitatu bila kusumbuliwa, mpaka mizizi itoke.

Vya Dorine vilisumbuliwa.

"Kila Jumapili tukitoka kanisani wananiuliza, 'Elfu yako imefika wapi?' Sasa utajibu nini? Nawaleta hapa, nafungua nailoni, waone. Mmoja anasema, 'Na mizizi je?' Basi navuta kimoja, namwonyesha. Narudisha. Jumapili nyingine wanakuja wengine, navuta kingine."

Wiki ya tatu aliona weupe mdogo penye ncha ya shina, dalili ya mzizi, akaimba. Wiki ya sita majani yakawa meusi. Kufikia Mei hakikubaki kipandikizi hata kimoja kilicho hai.

Shemeji yake, Kiplangat, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiitaka robo ekari hiyo apande nyasi za nepia kwa ajili ya ng'ombe wake, alifika akakizunguka kitalu mara moja. "Shemeji, hata kimoja cha kupanda kwa sufuria hakuna?" aliuliza. Jina la "shamba la mdomo" lilitoka kwake, na kufikia jioni hiyo lilikuwa limevuka mto.

Mzee arap Mosonik hakucheka. Alisema atangoja mpaka mvua ndefu za 1996. Shamba lisipokuwa na chai wakati huo, litakuwa la Kiplangat.

Bilhah ndiye aliyemweleza Dorine kosa lake. Yeye ana kitalu chake, na miche yake inapandwa hadi ng'ambo ya Kimulot. Anakumbuka siku hiyo vizuri. "Alikuja kuchuma macho yamevimba. Nikamwambia, wewe Mama Kipkurui, hiyo miche haikufa kwa ugonjwa. Umeiua kwa kuiangalia. Nani anaamsha mtoto kila saa kuuliza kama amelala?"

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomuuma Dorine zaidi, ambalo hakumwambia hata Bilhah. Kabla ya kuanza kitalu, afisa wa kilimo alikuwa amempa karatasi ya maelezo. Dorine alikuwa ameiacha shule darasa la pili. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuichomeka darini.

"Kipkurui wangu anajua kusoma. Lakini mama kumwambia mtoto wake 'nisomee' niliona aibu. Nikasema, hata bila karatasi chai ni chai."

Juni 1994 alijiandikisha katika darasa la watu wazima linalofundishwa Jumanne na Alhamisi alasiri katika shule ya msingi. Kiplangat alipata la kusema tena: "Sasa mdomo umeenda shule!" Dorine alikwenda akiwa bado na utomvu wa chai vidoleni, weusi usiotoka kwa sabuni. Siku za kwanza alikaa nyuma. Mwalimu alimleta mbele, kwa sababu alikuwa anaficha daftari kwa mkono.

Februari ya mwaka uliofuata aliishusha ile karatasi kutoka darini. Ilikuwa imegeuka rangi kwa moshi. Aliisoma peke yake jikoni, kidole chini ya kila neno, na kufika mwisho wa ukurasa kulimchukua muda wa chungu cha maharagwe kuiva. Mstari wa saba ulisema: "Ukiona matone ya maji upande wa ndani wa nailoni, usifungue. Usivute kipandikizi kuangalia mizizi."

"Nilicheka peke yangu. Halafu nikalia kidogo. Halafu nikaangalia maharagwe, yalikuwa yameshika chini."

Januari ya mwaka huo wa 1995, desturi ya kanisa ilipomfikia, alikuwa amekaa kimya. Mwezi Machi aliandaa vipandikizi mia nne tu, idadi ambayo angeweza kuihudumia kwa saa anazobaki nazo baada ya kuchuma. Alizungushia kitalu ua wa matawi ya miiba. Waliokuja kuuliza aliwapa chai ya kikombe, na kuwarudisha kwao.

Vikafa sitini. Mia tatu na arobaini vikaishi.

Leo miche hiyo imesimama nje ya nailoni, imezoea jua, mingine imefika urefu wa goti. Ni mali ambayo mkulima yeyote angejivunia. Lakini ilipofika mwisho wa mwaka jana, Dorine alijua hesabu haijatosha. Robo ekari yake ina nafasi ya mistari hamsini, mashina ishirini kwa kila mstari. Alikuwa na miche ya mistari kumi na saba, na muda aliopewa na mzee unaisha mvua zikianza.

Bilhah alikuwa tayari kumkopesha miche mia sita na sitini. Dorine alifikiri kwa siku mbili, akakataa. Mikono ya kupanda, kufunika na kupalilia elfu moja kabla ya magugu kushinda hakuwa nayo, na Kipsang yuko Londiani. "Ningejaza shamba Aprili, na Agosti ningekuwa na shamba la miti mikavu. Tena mbele ya wale wale watu."

Basi tarehe mbili Januari mwaka huu alikwenda kwa baba mkwe wake na kibuyu cha mursik, maziwa ya kuchachishwa. Alisimama mbali kidogo, kama heshima inavyotaka. Kiplangat alikuwa hapo akirekebisha ua. Haya ndiyo waliyoambiana, kama wote watatu wanavyoyakumbuka.

"Baba, miche niliyo nayo ni mia tatu na arobaini."

"Shamba linataka elfu moja."

"Ndiyo, baba."

"Kwa hivyo umeshindwa."

"Sijashindwa. Nimekuja kukuambia ile ninaweza. Mwaka huu nitapanda mistari kumi na saba. Mwaka ujao kumi na saba. Mwaka wa tatu namaliza. Ile sehemu bado, Kiplangat apande nepia, akate mpaka nifike."

Kiplangat aliacha nyundo. "Baba, mia tatu ni mboga, si chai!"

Mzee arap Mosonik alikunywa mursik polepole, akapangusa masharubu. Ana miaka sabini na nne na si mwepesi wa kusema. "Wewe unajua hii chai yangu ya juu nilianza na mashina mangapi?" alimuuliza mwanawe.

"Si yote?"

"Mia mbili. Na fuko wakakula nusu. Baba yangu alikuwa ananiita mkulima wa fuko." Akamrudishia Dorine kibuyu. "Twende."

Walishuka wote watatu hadi kijitoni. Mzee alipima kwa hatua zake mwenyewe, akihesabu kwa sauti, na mwisho wa mstari wa kumi na saba alimwambia Kiplangat apigilie kigingi. Kiplangat alikipigilia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Halafu mzee akatoa sharti: mwisho wa Juni atakuja kukagua. Mistari kumi na saba ikiwa imesimama, mpango ni huo. Isiposimama, nepia itafika mpaka nyumbani kwa Dorine.

"Na kanisani?" mzee aliuliza.

"Kanisani nitasema kidogo, baba."

Jumapili iliyopita, tarehe saba, desturi ilifuatwa kama kawaida. Karani wa kituo cha kupimia majani, Alfayo, aliahidi kununua lori. Mwaka jana aliahidi lori hilo hilo, na makofi hayakupungua. Zamu ya Dorine ilipofika alisimama na daftari. Alisoma mambo matatu aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe: kupanda mistari kumi na saba mvua ikianza, kufanya mtihani wa darasa la watu wazima mwezi Novemba, na kuzibua mtaro wa maji nyuma ya jiko.

"Na sitaki mtu aje kuangalia," aliongeza.

Kanisa lilicheka. Makofi yalikuwa machache. Mzee arap Mosonik, ambaye hukaa benchi la mbele na kwa kawaida husinzia wakati wa ahadi, alipiga ya kwake akiwa peke yake, baada ya wengine kumaliza.

Hakuna uhakika wowote katika nchi hii ya chai. Mvua ya mawe inaweza kushuka alasiri moja na kuchana kila jani kutoka Boito hadi Kericho. Dorine anajua. Amekwisha kukata fito za kujenga kivuli juu ya miche, na amepanga kupanda mistari miwili kila jioni baada ya kuchuma, si zaidi, hata mvua ikiwa nzuri namna gani. Kwa kasi hiyo atamaliza kwa muda wa siku tisa. Ameongeza siku tano nyingine za mvua ya mawe, malaria na wageni.

Saa tisa alasiri, baada ya majani kupimwa, anatembea hadi kitaluni kwake. Pembeni mwa miche mikubwa kuna kitanda kingine kilichofunikwa: vipandikizi mia nne vipya, alivyovifungia tarehe kumi na sita Desemba kwa ajili ya mistari ya mwaka ujao. Nailoni imekazwa kama ngozi ya ngoma. Ameipangia siku ya kuifungua, Jumatatu ya Pasaka, na siku hiyo imeandikwa kwa makaa kwenye ukuta wa jiko ili watoto nao wailinde.

Mpiga picha wa gazeti hili anamwomba afunue upande mmoja tu, kidogo, wasomaji waone majani.

Dorine anamtazama kama anavyotazama kuku aliyeingia ndani ya nyumba.

"Wewe umetoka mbali, nimekuheshimu, nimekupa chai," anasema. "Lakini hapana."

"Dakika moja tu, mama."

"Hata wale wa kanisa walikuwa wananiambia dakika moja." Anainama, anafuta vumbi juu ya nailoni kwa kiganja chake cheusi cha utomvu, na kumwita mpiga picha asogee. Upande wa ndani, matone ya maji yamejipanga, mamia kwa mamia, na moja linateremka taratibu na kudondoka.

"Umeona hayo? Basi viko hai. Piga hiyo picha," anasema Dorine. "Mizizi utakuja kuona Pasaka."