Mkono wa Mama Mbele ya Kicheko

Mama hucheka kwa mkono. Simaanishi anapiga makofi. Namaanisha kicheko kikianza tumboni, mkono wa kulia tayari unapanda, na kikifika mdomoni kinakuta mlango umefungwa kwa kiganja. Kama ameshika mwiko, anafunika kwa mwiko. Siku moja alikuwa ameshika kabichi, akafunika kwa kabichi. Mimi ndiye mchekeshaji wa boma letu, cheo ambacho hakuna aliyenipigia kura, na tangu utotoni niliuchukua mkono ule kuwa ndiyo tuzo yangu: ukipanda, nimeshinda. Nilidhani ni adabu. Nilidhani wasichana wa kwao Mbeere, huko chini karibu na Siakago kwenye jua kali, hufundishwa kucheka hivyo kama sisi wa Kanyakine tunavyofundishwa kuamka na baridi kuchuma chai.

Halafu nikavunja jino, ndipo nikajua.

Jino lilivunjwa na makadamia, njugu ile yenye ganda gumu kama jiwe. Huku kila mtu ana mti wa makadamia shambani, na kila boma lina hadithi ya mjomba fulani aliyekuwa akizipasua kwa meno kama njugu karanga. Wetu tunamsifu sana, ingawa nikikumbuka vizuri sijawahi kumwona akitafuna nyama. Ilikuwa likizo. Tulikuwa tumekaa nje na dada yangu mdogo tukizipasua kwa mawe, nyingine zikienda kwenye bakuli, nyingine tumboni, akaniambia, "Wewe mdomo yako ni ya maneno tu. Kitu ngumu haiwezi."

Sasa mtu wa kidato cha tatu aambiwe hivyo na mtoto wa shule ya msingi, kisha aendelee kuokota mawe? Nikaweka makadamia kwenye gego, nikafumba macho, nikauma.

Kitu kikapasuka. Dada akashangilia. Nikatema kwenye kiganja nione ushindi wangu, nikaikuta makadamia nzima kabisa, hata mkwaruzo haina, na kando yake kipande cheupe ambacho hakikutoka kwa makadamia.

Mwanzo halikuuma. Kisha likauma kwa maji baridi, likanyamaza. Kisha likauma kwa chai. Mwishowe likaanza kuuma bila kuchokozwa, hasa nikilala, kama mtu anayegonga mlango na ukifungua hasemi anataka nini. Shosho, mama yake baba, akaniletea karafuu. "Weka hapo, usimeze, na ufunge mdomo angalau mara moja kwa maisha yako." Jirani akasema maji ya betri huua mdudu wa jino. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe ameyatumia. Akatabasamu, nikaona, nikaacha kuuliza.

Baba hakuinua hata macho kutoka kwenye pampu ya kunyunyizia dawa aliyokuwa akiitengeneza. "Dawa ya jino bovu ni kung'oa," akasema. Kesi imeisha.

Methali hiyo naijua vizuri. Niliiandikia insha, mwalimu akaisomea darasa. Katika insha yangu jino bovu lilikuwa rafiki mwizi. Kijiji kikamfukuza, kila mtu akapona. Sikuwa nimefikiria habari ya jino.

"Huyu hang'olewi," mama akasema.

Sote tukageuka. Mama yangu si mtu wa kupinga watu. Ng'ombe akikataa kuingia zizini, humwomba. Lakini sasa alikuwa amesimama mlangoni, amefunga leso kama mtu anayeenda kuzima moto.

"Aende aangaliwe kwanza. Hakuna mtu ataenda kung'olewa kutoka hii nyumba kabla ya kuangaliwa."

Basi tukaenda Nkubu, kwenye kliniki ndogo ya meno iliyo juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Daktari alikuwa mwanamke kijana, sauti yake ya upole, mikono yake ya fundi.

"Umefanya nini hapa?"

"Ajali, daktari."

"Ya barabara?"

"Ya makadamia."

Akacheka mpaka barakoa ikatetemeka. "Mama, msimu ukifika ni hawa tu. Makadamia zinanilisha na sina hata mti mmoja."

Alinipiga eksirei, akatuonyesha picha. Jino langu lilionekana kama mzimu uliosimama kwa miguu miwili. Pembeni palikuwa na kivuli cheusi kikishuka kutoka juu kwenda katikati.

"Hiki kivuli si cha juzi," akasema. "Jino lilikuwa limeoza ndani kitambo, makadamia imekuja tu kubisha hodi. Unapenda vitu tamu?"

"Napenda kupendwa na vitu tamu."

"Na kupiga mswaki usiku?"

Nikaangalia picha ya mzimu kwa makini sana.

Akatueleza, na kwa vile alikuwa amechoka na watu wa makadamia, akatumia makadamia yenyewe. "Jino ni kama hiyo kitu yenu. Nje ganda gumu kuliko mfupa. Ndani yake sehemu laini kidogo. Katikati kabisa kuna kokwa iliyo hai, ina damu na mshipa wa fahamu. Chakula kikibaki kwa meno, vijidudu vinakula sukari vinatoa asidi, asidi inatoboa ganda. Shimo likiwa kwa ganda tu, halikuumi hata kidogo, ndio maana watu hawaji. Hapo ningechimba uchafu, nizibe, uende nyumbani ukasumbue watu. Likipita ganda, baridi na moto vinaanza kukuchoma. Hata hapo bado naziba. Likifika kwa kokwa, ndio hiyo ya kuuma lenyewe usiku."

"Na mimi nimefika wapi?"

"Wewe umefika kwa kokwa. Lakini ganda lako limebaki kubwa na mizizi ni mizima. Nitatoa hiyo kokwa iliyooza, nisafishe mizizi mpaka chini, niijaze, nizibe. Ukirudi tunalivalisha kofia ngumu, kwa sababu jino bila kokwa linakauka na kuvunjika haraka. Kung'oa ni rahisi, mtu yeyote na koleo anaweza. Lakini nikitoa hili, la jirani litaanza kulala upande huo, na la juu litashuka likitafuta mwenzake. Meno hayapendi kukaa peke yake."

Sindano ya ganzi nilikuwa nimeiandalia utani mzuri sana. Utani ukafa ganzi pamoja na shavu. Ulimi ukageuka kipande cha sponji cha mtu mwingine, daktari akanitandazia kimpira mdomoni, akaanza kuchimba. Sijui kama unaelewa. Mtu ambaye hajanyamaza tangu azaliwe, amelala chali, mdomo wazi, na hana la kusema. Ndiyo maana nilisikia kila kitu.

Mama alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, "Daktari, na kama lingekuwa la mbele, bado ungeziba?"

"La mbele ni rahisi hata kuliko hili. Mzizi ni mmoja."

Mashine ikalia kidogo, ikanyamaza.

"Langu lilianza na tundu kama kichwa cha sindano," mama akasema. "Nilikuwa rika la huyu. Kulikuwa na mzee anakuja sokoni na koleo, akatoa. La pili lilikuwa limeanza pale lilipogusana na hilo la kwanza, naye akasema tusingoje, akatoa pia. Nyumbani walifurahi, nilikuwa nimeacha kulia."

Daktari akaweka vyuma chini. "Nione, mama."

Mama akanitazama.

"Huyu hawezi kusema. Nimemfunga," daktari akasema.

Kutoka pale kitini sikuweza kuona mdomo wake. Niliuona mkono tu, ukishuka polepole hadi kwenye leso, ukishika pindo lake kwa nguvu. Mkono wangu ule. Tuzo yangu.

Daktari alimweleza taratibu. Kwanza kuna ukoga ulioganda chini ya fizi, ndio unafanya zitoke damu, utakwanguliwa. Kisha njia ni tatu. Kuna meno ya kuvaa na kutoa, yenye kipande cha rangi ya ufizi kinachokaa kwenye paa la mdomo. Kuna daraja, ambapo meno mazima ya kando yanachongwa yabebe yale yaliyokosekana. Na kuna kuingiza skrubu ndani ya mfupa na kupandia jino juu yake, lakini meno yakitoka zamani mfupa hupungua, na kazi hiyo huwa ndefu. "Wewe ningekuanzia na ya kuvaa. Ukizoea, tutaongea."

"Ah, na umri huu? Watu watauliza natafuta nani."

"Watu gani?"

"Wa soko. Wa kanisa. Baba yake."

Daktari akachukua tena vyuma vyake. Alirudi kwa jino langu.

Tulipotoka mama aliingia lile duka la chini akanunua trei ya miche ya kabichi, akaibeba kwa mikono yote miwili kama anabeba mtoto wa kubatizwa. Nusu ya uso wangu ilikuwa bado haijarudi, lakini nilikuwa na hotuba. Nilitaka kumwambia kwamba meno hayapendi kukaa peke yake, kwamba anastahili, kwamba watu wa soko wakafie mbele. Nikajikakamua nikasema, "Wawa! Weka weno!" na mate yakanitoka hadi kidevuni.

Mama akacheka. Mikono ilijaa kabichi. Kicheko kikapanda, mlango hakuna, kikatoka chote.

Sikuwa nimewahi kukisikia. Kumbe kilikuwa kikubwa hivyo, kina mlio wa juu mwishoni kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Na nikaona. Si mwanya ule watu huimbia harusini. Pengo la meno mawili, kama lango la boma lililoachwa wazi. Aliniona nikiona. Midomo ikajifunga haraka, akatazama miche yake. Nimewachekesha watu wengi, lakini sijawahi kutamani hivyo kukirudisha kicheko mahali pake ili mwenyewe asione haya.

Jioni baba aliuliza jino liko wapi. Nikafungua mdomo akaangalia, akashangaa kulikuta. Nikamwambia daktari ameikataa methali yake. Kisha, kwa kuwa ganzi ilikuwa imeisha na sina breki, nikamwambia na yale mengine. Mama akaanza kupangusa meza ambayo ilikuwa safi.

Baba alitoka nje kuangalia ng'ombe. Alikaa huko muda mrefu kuliko ng'ombe anavyohitaji kuangaliwa. Aliporudi alisimama karibu na meko, akamwambia mama huku akiangalia sufuria:

"Mimi sikuoa meno. Lakini uende ukawekewe. Nimechoka kuchekewa na kiganja."

Ukoga ulikwanguliwa. Fizi zilipopona, mama aliambiwa aume kitu kama uji mzito kwenye kijitrei ili kipimo chake kibaki. Siku ya kuchagua rangi daktari alileta kifimbo chenye meno ya kila aina, na mimi nikalipigia kampeni jino jeupe kuliko yote.

"Hilo ni jeupe kama sinki la choo," mama akasema. "Nipe hii. Hii inafanana na chai ya maziwa." Na kweli, ndilo lililofanana na mengine yake.

Wiki ya kwanza ya kuyavaa aliongea kama anayepuliza moto. Kila neno lenye "s" lilitoa filimbi, na dada yangu akawa anamwomba aseme "sisi sote" ndipo akubali kuoga. Palichubuka ufizini, akarudi, wakapunguza kidogo. Usiku huyatoa, huyapiga mswaki na kuyatia majini. Mimi pia napiga mswaki usiku siku hizi, kwa sababu yakiwa kwenye kikombe naona kama yananichunga.

Lakini mkono haukujua lolote. Uliendelea kupanda. Nilitoa utani wangu bora, na utani wa kuazima, na ule wa mwalimu wa zamu ambao siwezi kuuandika hapa. Mkono ukapanda kwa kila mmoja.

Juzi nilimkuta ameketi jikoni na pera lililoiva. Nimekua nikimwona akikata mapera kwa kisu vipande vidogo vidogo, nikidhani ni usafi. Kisu kilikuwa mezani, kikavu. Alikuwa ameliuma, na alikuwa akilitazama lile tunda mahali alipouma.

"Kuja uone," akasema.

Kwenye nyama ile nyekundu kulikuwa na alama za meno, mstari mmoja uliopinda, bila nafasi katikati.

"Panya wetu hajawahi kufanya kazi safi hivi," nikasema.

Kicheko kikaanza. Mkono wa kulia ulikuwa na pera. Wa kushoto ukapanda, mimi nikiutazama, ukafika kwenye kidevu, ukapangusa maji ya pera pale, ukashuka.