Kompyuta Iliyovikwa Blanketi

Baridi ya Njombe mwezi wa saba inamfanya jogoo awike amefumba mdomo. Ndiyo maana mzee wangu, Mungu ampumzishe, aliivika kompyuta blanketi. Nikisimulia watu wanacheka, nami nawachekesha makusudi, maana nampenda zaidi akiwa kwenye vicheko kuliko kwenye ile picha ya msibani aliyonuna kama aliyekanyagwa.

Kompyuta aliileta mwanetu wa kiume mwenye stationari Makambako, anayechapisha kadi za harusi na kutoa kopi za vyeti. Alinunua mpya, hii ya zamani akatupa sisi. Ilikuwa na kioo chake, na sanduku la kukaa chini ambalo wenyewe wana jina lake. Mimi shule sikwenda, kwangu ni sanduku mpaka leo.

Tuliitaka kwa kitu kimoja tu. Binti yetu wa mwisho alikuwa sista, na siku ya nadhiri zake za daima baba yake hakwenda kanisani. Alikuwa ameshampangia mume kichwani. Nikamsihi, padri akamsihi, yeye akatujibu kwa ile sauti yake ya kukwaruza, kama msumeno unaopita kwenye fundo la mti: "Kwangu binti anaposwa. Huyo Mungu wenu hakuleta mshenga."

Akashika shoka akaenda kwenye miti yake. Miaka ikapita. Binti akija likizo kutoka kwenye misheni yao huko Ludewa, wanasalimiana kama watu waliokutana dukani, kisha baba anakumbuka kwamba kuna mti unahitaji kukatwa. Sasa siku moja tunachambua maharage, mzee akasema bila kuniangalia kwamba amesikia siku hizi misa zinawekwa kwenye flashi. Angependa kusikia mtoto alivyoitika alipoitwa jina. Hicho tu. Nikaendelea na maharage kama sikusikia kitu cha ajabu, lakini jioni nikampigia mwanetu, na wiki ile ile sanduku na flashi vikaja.

Mwanetu alituwashia, akatuonyesha pa kubonyeza, akarudi kwake. Kesho yake asubuhi tunabonyeza, sanduku kimya. Nikampigia. Huyu mtoto anaongea kama anayekimbizwa: "Mama, zima, subiri, washa. Mama, taa inawaka? Mama, ukutani umeme upo? Zungukeni nyuma, sukumeni zile waya, moja itakuwa imelegea."

Mimi nikapiga magoti kusukuma waya. Mzee hakuwa na habari na waya. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye mashine ya kupasulia mbao kule Kifanya, na pale asubuhi za baridi injini haiwaki mpaka uiwashie moto kwa chini na kuimiminia maji ya moto. Kwa hiyo akaleta jiko la mkaa akaliweka karibu na sanduku. Moto wake ukafika wakati mmoja na waya wangu, sanduku likanguruma. Mimi nikasema ni waya. Yeye akasema, "Mashine ni mashine, mama. Ilikuwa na baridi."

Kuanzia siku hiyo, bwana, sanduku lililelewa. Jiko upande huu, blanketi la sufu limezungushwa mpaka shingoni, mimi nami nikaongeza kitambaa changu cha kufuma juu, maana kitu cha sebuleni hakikai uchi. Tukakaa kwenye viti, tumevaa vizuri, kama watu waliochelewa kanisani kwa miaka kadhaa.

Video inaanza. Kwaya inaingia na ngoma, masista wanapiga vigelegele, mimi napita na kitenge changu nikitembea kama bata aliyeshiba. Halafu padri anasimama na karatasi ya majina. Anakohoa, "Ehem." Puu. Kioo cheusi.

Tukaiwasha tena. Ikazima mapema zaidi, hata padri hajafika. Tukaiacha, kesho yake tukarudia. Ngoma, vigelegele, bata, "ehem," puu. Nikawa nakifahamu kile kikohozi kuliko mwenye nacho. Jumapili nikikohoa hivyo nyuma ya kanisa, wenzangu wanageuka kumtafuta padri.

Mwanetu akatushauri tusogeze video mbele mpaka pale padri anapoita majina. Mzee akakataa. Akasema misa haianzi katikati, na yeye alishaikosa mara moja, hawezi tena kuingilia dirishani.

Tukalipeleka kwa fundi mjini, sanduku limefungwa kwenye blanketi nimelipakata kama mgonjwa. Fundi alikuwa kijana wa kuongelea puani. "Bibi, inaweza kuwa virusi, inaweza kuwa memori, inaweza kuwa umeme wenu." Akalifungua, akapuliza vumbi, akatoa kibao kidogo cha ndani akakisugua kwa ufutio wa shule, akakirudisha. Likapiga miziki dukani kwake mchana kutwa bila kuzima. Akamwambia mzee kama ana haraka anaweza kuangalia video yake palepale. Mzee akaangalia watu waliokuwa wanagombania chaja, akasema tutaangalia nyumbani.

Nyumbani tukaliwekea jiko, tukalivika. Ngoma, vigelegele, bata. "Ehem." Puu.

Siku hiyo mzee hakusema kuhusu baridi wala injini. Alikaa anakitazama kile kioo cheusi kikimwonyesha uso wake mwenyewe. Akasema, "Mwambie mwanao aje achukue. Nilimkatalia mtoto siku yake, na Mungu ananikatalia yangu." Akaingia ndani kulala, na jua lipo.

Mimi matani yote yakaniisha. Nikampigia mwanetu. Akaanza maswali yake ya kukimbizwa, imeandika nini kwenye kioo, imeleta rangi gani. Nikamwambia mimi sijui kusoma, mimi najua kusikiliza. Nyamaza, nikuonyeshe inavyokufa.

Nikamwigizia. Kwanza inapuliza taratibu, ffff, kama mtu anayepoza uji. Halafu inapanda, vuuu, kama msumeno umekutana na gogo bichi. Inapanda tena mpaka inalia. Halafu inahema kwa shida, hhho, hhho, kama baba yako anapolala amejifunika kichwa gubigubi. Halafu kimya.

Akaniambia nirudie pale mwisho. Nikarudia. Kisha akauliza polepole, kwa mara ya kwanza tangu nimzae, "Mama, hilo sanduku mmelifunika na kitu?"

Nikamtajia. Kitambaa, blanketi, jiko. Alicheka mpaka nikasikia wateja wake wanauliza kuna nini. Akanieleza kwamba sanduku likifanya kazi linatoa joto lake lenyewe, na ndani lina feni ya kulitupa nje. Likizidiwa linajizima lisiungue. Baridi ya Njombe ndiyo dawa yake, na sisi tulikuwa tunaifukuza.

Nilipompelekea mzee hayo hakukubali. Akaniuliza ni nani aliwahi kusikia mashine inayopenda baridi. Nikamuuliza, "Wewe ulipokuwa unapasua mbao, ulivaa koti?"

Akanyanyuka, akalivua blanketi mwenyewe.

Jiko tukalitoa nje, mlango tukauacha wazi. Lile blanketi tukajifunika sisi, wawili, meno yanagongana. Ngoma ikapita, vigelegele vikapita. Bata alipopita mzee hakunitania. Padri akasimama, akakohoa, na mzee akakamata mkono wa kiti.

Picha ikaendelea. Padri akaita jina la mtoto wetu. Naye akasimama, akaitika, "Nipo," kwa sauti ya kutosha kufika mlangoni. Wakaitwa wazazi wamsindikize altareni. Nikatoka mimi, nikasimama kushoto kwake. Kulia pakabaki wazi. Kaka yangu alitaka kusogea pale, binti akamzuia kwa mkono, na tukatembea hivyo hivyo mpaka mbele, pengo likitembea na sisi. Hilo sikuwahi kumsimulia mzee.

Alitazama mpaka nadhiri zikaisha. Kisha akainama akaweka kiganja juu ya sanduku, kama anapima joto. Nikamwambia limepoa, halitazima.

"Najua," akasema, na mkono hakuutoa.

Baadaye akaniomba nimpigie binti. Nikapiga, nikampa simu. Akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu, nimekusikia ulivyoitika."

Nikachukua blanketi nikatoka nalo nje kulianika, na mlango nikaurudishia. Wajukuu huwa wananiomba niwaigizie babu yao alivyoendelea pale kwenye simu. Nawaigizia padri, nawaigizia fundi, nawaigizia sanduku. Ya babu na shangazi yao nawaambia ukweli, sikuwepo.