Rosela Katika Kibuyu cha Pombe

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, siku ya Alhamisi, nakumbuka, ndipo nilipoinjika sufuria kubwa ya maji kwa ajili ya harusi ya dada yangu Paulina. Saa naijua kwa sababu nilikuwa na saa ya mkono aliyoiacha marehemu baba, na nilikuwa na tabia ya kuandika kila ninachokifanya katika daftari. Mwanangu, alfajiri ile inanikasirisha mpaka leo. Nitakueleza kwa utaratibu, usije ukadhani mtu mzima huyu analalama tu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, huku kwetu Qurus, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Sukari ilikuwa haipatikani. Ukiona watu wamepanga foleni mbele ya duka la kijiji, unajiunga kwanza, unauliza baadaye kinachouzwa ni nini. Soda ilifuatwa mpaka Arusha, na wengi walirudi na kreti tupu. Zamani hilo lisingekuwa tatizo, maana harusi zetu zilikuwa na pombe ya asali. Lakini baba yake bwana harusi, Mzee Gwandu wa Daa, alikuwa ameacha pombe miaka kumi na mmoja nyuma, baada ya kunywa nusu ya shamba lake na kumpoteza mke wa kwanza. Alikuja na sharti moja, akalisema mbele ya wazee wa pande zote mbili:

"Siku hiyo nikionja pombe katika kikombe chochote, nawachukua watu wangu tunarudi Daa. Binti atabaki kwenu mpaka mjifunze kusikia."

Paulina alilia usiku ule, si kwa hofu ya pombe, bali kwa hofu ya ndugu zetu. Aliwajua.

Nikajitolea kutengeneza kinywaji. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nilijifundisha mwenyewe kwa vijitabu vya elimu ya watu wazima, na katika kimoja cha mapishi nilikuta kinywaji cha maua ya rosela. Maua makavu yalipatikana mnadani, yakitoka Mang'ola kwenye joto. Mchaichai ulikuwa umeota nyuma ya jiko letu, malimau niliyanunua, na mahali pa sukari niliweka asali. Kipimo nilikiandika: konzi nne za maua kwa kila lita tano za maji, majani ya mchaichai yaliyofungwa fundo moja, malimau mawili. Maji yakichemka unaepua, unatumbukiza maua na majani, unafunika mpaka yapoe kiasi, unachuja kwa kitambaa. Rangi yake, mwanangu, ni nyekundu ambayo ukiiona unasikia kiu.

Binamu yangu Petro alipita akielekea shambani, akasimama mlangoni.

"Mwalimu!" Waliniita hivyo kwa kejeli, kwa sababu ya vijitabu. "Kumbe siku hizi umekuwa nyuki? Naona unahangaika na maua."

"Ni kinywaji cha harusi."

"Mwanamume mzima anapikia wageni maji mekundu! Yakibaki uwape akina dada wapake midomo."

Nilicheka, lakini ilinichoma. Nikaazimia kuwaonyesha. Ukiona kijana ameazimia kuwaonyesha watu, mwanangu, jua kosa liko njiani.

Kijitabu kilimalizia hivi: hifadhi katika chombo safi kilichofungwa, kwa muda usiozidi siku mbili. Ndoo tulikuwa nazo mbili, na zote zilikuwa za maji ya kunywa. Nikaenda nyumbani kwa Bibi Yasinta, mama yake baba, nikatungua vibuyu vinne vikubwa vilivyoning'inia ukutani. Bibi hakuwapo, alikuwa amekwenda Karatu mjini kwa shangazi kushughulikia nguo za bibi harusi, alitarajiwa kurudi Jumamosi, siku yenyewe ya harusi.

Bibi huyu ndiye aliyetulea baba alipofariki, na alitulea kwa pombe ya asali. Sare zangu za shule, madaftari, hata kalamu niliyoandikia vipimo vyangu, vyote vilitoka katika vibuyu hivyo. Alikuwa ameacha kupika kwa miaka miwili kwa sababu ya miguu. Nilivisuuza kwa maji mara tatu nikavinusa. Vilinukia kibuyu tu. Nikasema moyoni: chombo safi. Nikamimina rosela ikiwa vuguvugu, nikakoroga asali mbichi, nikaziba vizuri, nikavipandisha darini juu ya jiko ambako mbuzi na watoto hawafiki.

Ningeweza kumtuma mtu mjini amuulize bibi. Kuuliza si ujinga. Lakini mimi nilikuwa msomaji, na yeye alikuwa hajui kusoma. Hiyo ndiyo sababu yote, na sina nyingine nzuri zaidi ya kukupa.

Jumamosi, misa ikaisha, watu wakakusanyika uani kwetu saa nane mchana. Nilishusha kibuyu cha kwanza. Kabla sijagusa kizibo kiliruka chenyewe kikagonga boriti, na povu jekundu likanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Watu walicheka.

"Mbona kinachemka bila moto?" mama mmoja akauliza.

"Ni nguvu ya limau," nikajibu.

Ule ulikuwa uongo wa kwanza. Sikujua lililotokea, ila nilijua kwamba sijui, na mtu anayejua kwamba hajui hana ruhusa ya kumimina.

Kikombe cha kwanza akapewa Mzee Gwandu. Alikinywa kidogo, akakishika mdomoni, macho yakamsimama. Kisha akageuka, akatema chini kando ya kiti chake.

"Nani ametengeneza hii?"

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, kibuyu mkononi, mkono mwekundu. Sikujibu. Baba mdogo mmoja wa ukoo, aliyekuwa msemaji wa upande wetu, akakitazama kile kibuyu badala ya kunitazama mimi.

"Vibuyu hivi ni vya mama Yasinta," akasema.

Mwanangu, ilitosha. Neno moja lile lilitembea kama moto kwenye nyasi za kiangazi. "Ndiye!" "Kazi yake ya siku zote." "Mkono uliozoea hauachi." Bibi alikuwa amefika asubuhi ile tu, na kitu chenyewe hakuwahi kukiona. Alisimama kutoka miongoni mwa akina mama, akavitazama vile vibuyu vyake, kisha akanitazama mimi. Aliona mkono wangu. Alielewa yote kwa mara moja.

Alinisubiri niseme mimi.

Nami nilinyamaza.

Wazee watatu wa ukoo wetu, waliotaka Mzee Gwandu aone kwamba tuna sheria, walimpiga bibi faini palepale na kumwamuru aondoke mbele ya wageni. Alifungua pindo la kanga yake, akahesabu alichokuwa nacho, akakiweka kwenye kiganja cha baba mdogo, akaenda nyuma ya jiko akiburuta miguu yake mibovu. Mwanamke mzee, siku ya harusi ya mjukuu wake! Na wale waliompiga faini walikuwa wamelewa kwa vibuyu hivyohivyo miaka ishirini, wengine kwa mkopo ambao hawakulipa. Nikikumbuka hapo damu inanichemka. Lakini mwenye kustahili hasira kuliko wote alikuwa kijana aliyeshika kibuyu.

Nilimfuata. Nilimkuta ameketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Bibi, sikujua kama..."

"Kitabu chako kimesema uweke katika nini?"

"Chombo safi."

"Safi kwa nani?"

"Nilivisuuza mara tatu, bibi."

"Kibuyu cha maziwa," akasema, "tunakiingizia kijinga cha moto, tunakisugua ndani mpaka kinukie moshi. Hicho ni safi kwa maziwa. Kibuyu cha pombe hakiguswi na moto kamwe. Kinasuuzwa kwa maji tu, ili kile kilichojificha ndani kibaki hai, kiamshe pombe inayofuata. Mimi ndivyo nilivyovitunza. Wewe ulikiwekea asali mbichi, ukakipandisha darini kwenye joto. Umepika pombe nzuri sana, mwalimu. Mimi kwa siku mbili na nusu nisingeiwahi."

Akacheka kidogo. Kisha akaacha.

"Ile ni ya kutojua, naweza kukusamehe kabla jua halijazama. Lakini pale mbele yao ulikuwa unajua. Nenda. Dada yako anaachwa wewe ukiwa umekaa na mimi hapa."

Nilirudi uani. Watu wa Daa walikuwa wameshasimama na kuvaa mablanketi yao. Paulina alikuwa ameshika nguzo ya mlango kana kwamba nyumba inataka kuanguka. Nikapaza sauti, nikasema ni mimi. Vibuyu nilivichukua bila ruhusa, bibi hakuwapo, hakujua.

Mzee Gwandu alinikaribia mpaka nikaona mishipa ya shingo yake.

"Kwa hiyo ulijua kosa ni lako tangu nilipouliza?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi niliacha pombe, sikuacha akili. Mtu hujikwaa, hilo nalijua kuliko wewe. Ila nimeuliza nani, na wewe umemwacha mama mzee avikwe kosa lako mbele ya wakwe! Pombe haikunifanya nifanye hivyo hata siku nilipouza shamba." Akamgeukia baba mdogo. "Na ninyi mlihukumu kwa sura ya kibuyu. Mleteni yule mama hapa, aketi kando yangu. Asipokuja ninaondoka."

Alikuja. Mzee Gwandu alimpa kiti chake mwenyewe, akasimama. Kisha akaniambia, "Maua yamebaki?"

Yalikuwa yamebaki konzi nane. Niliinjika maji upya, safari hii bibi akinisimamia kutoka kwenye kiti kile cha heshima kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. Ndoo zote mbili zilimwagwa maji yake, zikamwagiwa maji ya moto. Asali haikuingia humo. Iliwekwa kando katika bakuli, kila mgeni akaitia mwenyewe kikombeni wakati wa kunywa. Rosela ilinywewa ikiwa bado na uvuguvugu, na wengi walipata nusu kikombe. Petro alikunywa viwili. Jua likikaribia kuzama, Paulina akaondoka kwenda Daa na watu wake.

Sasa sikiliza nasaha yangu. Ukitengeneza kinywaji hiki nyumbani, maji yachemke kweli, maua usiyatokose, chombo kipitishe kwenye maji ya moto hata kama jana kiliwekwa maji matupu, asali au sukari itie siku ileile ya kunywa, na kilichobaki usiku kucha bila baridi kimwage bila huruma. Kitabu kisome, nami ninavisoma hadi leo. Lakini kila neno jepesi la kitabu, kama hilo la "safi", lipeleke kwa mtu aliyeishi na kile chombo, akwambie linamaanisha nini. Usimdharau asiyejua kusoma kwa kuwa wewe unasoma. Na ukikosea, sema kabla kosa halijapata mtu mwingine wa kulibeba. Njia ya mwongo ni fupi, lakini njia ya anayenyamaza ni fupi zaidi, kwa sababu haanzi hata hatua moja.

Mungu akupe mdomo unaofunguka kwa wakati wake, na wazee watakaokukemea wakiwa bado hai. Vyombo vyako vijae, na wanaovinywea waondoke nyumbani kwako wakitembea wima.

Usiniulize kama bibi alirudishiwa faini yake. Jumatatu yake niliifuata kwa baba mdogo, akaniambia bila aibu kwamba faini ya wazee hairudi, na kwamba hata hivyo haipo: usiku uleule wa Jumamosi, wageni walipoondoka, yeye na wenzake wawili walikwenda nayo kilabuni, wakainywea pombe yote, shilingi sitini.